Mbwa Jike wa Raila na Kisu cha Tabibu

Mwenye mbwa jike asiyetaka azae alikuwa, mpaka miaka si mingi iliyopita, na jibu moja tu kutoka kwa daktari wa mifugo: mnyama alazwe kwa dawa ya usingizi, apasuliwe tumbo chini ya kitovu, atolewe ovari zote mbili pamoja na mji wa mimba, ashonwe, na habari ikomee hapo. Leo majibu yamekuwa mengi. Yupo daktari asemaye kuwa ovari zikitoka yatosha, na mji wa mimba waweza kuachwa mahali pake. Yupo asemaye kinyume, kwamba kinachopasa kutolewa ni mji wa mimba, na ovari zibaki ziendelee kuutumikia mwili. Yupo anayependekeza mirija ifungwe tu, kama wafungwavyo kina mama hospitalini. Na yupo mwenye mashine ya kamera, ambaye hupenya tumboni kwa matundu mawili matatu madogo na kuacha makovu yasiyoonekana kwa urahisi. Kila mmoja ana hoja yake, na kila hoja ina dalili zake katika majarida ya utabibu wa wanyama. Nami ningependa kuzipima hoja hizo nikiwa nimesimama jijini Nairobi, katika kitongoji cha Raila, Kibera, na katika vichochoro vya Kawangware, wala si katika ua wa Karen wenye lango na mlinzi, kwa sababu huku ndiko swali hili linakogusa maisha ya watu, na huku ndiko, kwa maoni yangu, jibu lake linakogeuka.

Anayepita Raila mchana na kuwaona mbwa wamejinyoosha kando ya mitaro, au wakinusanusa nyuma ya kibanda cha mutura, huwahesabu wote kuwa mbwa koko, naye huwa amekosea, maana aghalabu kila mmoja wao ana mlango anaoulinda usiku, na ana mtu, mara nyingi mama wa nyumba au kijana wa karakana, anayemtupia ukoko wa ugali na mifupa. Asichokuwa nacho ni ua. Nyumba ya mabati ya futi kumi kwa kumi, yenye kitanda, jiko, mitungi ya maji na watoto wanne, haina pa kumfungia mbwa mchana, sembuse pa kumtenga majuma matatu kila aingiapo joto. Na mbwa jike huingia joto takriban mara mbili kwa mwaka. Nimepata kuona kando ya reli, saa kumi na mbili asubuhi, jike mwekundu mwembamba akikimbia mkia ameubana, na nyuma yake madume wasiopungua wanane wakirukiana na kung'atana, mmoja sikio limechanika na damu inamtiririka shavuni, ilhali watoto wa shule wamesimama na mabegi yao upande wa pili wa reli wakingoja kundi lipite, mkubwa wao ameshika jiwe, mdogo amejificha nyuma ya mkubwa. Baada ya siku 63 hivi jike wa namna hiyo huzaa chini ya kibanda vitoto ambavyo vingi hufa kwa minyoo, kwa baridi na kwa magurudumu ya bodaboda, na vinavyosalia hukua bila chanjo.

Kukosa chanjo huko si jambo dogo. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini Kenya mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi, na zaidi ya karne moja baadaye kingali ugonjwa unaoua, ambao ukishaonyesha dalili zake kwa binadamu karibu hauna dawa. Mkakati wa taifa wa mwaka 2014 unakusudia kuutokomeza ifikapo 2030, na nguzo yake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Hesabu hiyo huvurugwa na uzazi: waweza kuwachanja mbwa wote wa Raila mwezi wa Septemba, na kabla ya Septemba nyingine kufika, majike wamekwisha kuzaa, baadhi yao mara mbili, kizazi kisichojua sindano kimejaa vichochoroni, na sehemu ya waliochanjwa imekufa. Serikali zetu za mitaa zimezoea, tangu zama za ukoloni, kujibu kwa bunduki na sumu, jibu ambalo Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba halikizuii kichaa cha mbwa, kwani mbwa aliyeuawa huacha jaa lake na chakula chake kwa mwingine anayekuja, naye huenda hajachanjwa. Kisiwani Pemba, ambako ugonjwa huo ulipata kuondolewa, kilichouondoa ni kampeni za kuchanja mbwa zilizorudiwa tena na tena. Basi kumzuia jike asizae ni msaidizi wa chanjo, na kwa mtaa usiokuwa na nyua ni msaidizi asiyeepukika.

Niwatangulize wanaotetea kubakizwa kwa ovari, maana hoja yao ndiyo mpya na ndiyo inayovutia. Husema, na husema kweli, kwamba ovari hazikuumbwa kwa ajili ya uzazi peke yake. Homoni zake hushiriki katika ukuaji wa mifupa, katika uimara wa viungo na katika kuzuia mkojo usivuje. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani waliowachunguza mbwa wa aina ya Rottweiler waliona kuwa majike waliokaa na ovari zao miaka mingi zaidi ndio walioelekea kuufikia umri usio wa kawaida; na mwaka 2013 wenzao wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kuwa Golden Retriever waliohasiwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja walipatwa zaidi na maradhi ya viungo. Mwenye mbwa wa namna hiyo ana haki ya kusita. Lakini mbwa wa Raila ni chotara wa machotara, mwepesi, mwenye mbavu za kuhesabika, na wengi wao hawafiki kilo 20. Na watafiti wale wale wa Davis, walipowageukia machotara mwaka 2020 na kuwagawa kwa uzito, hawakuona ongezeko la maradhi ya viungo kwa wale wa chini ya kilo 20 waliohasiwa mapema. Ni dhuluma kwa akili kuikata kesi ya mbwa wa kilo 15 kwa ushahidi wa mbwa wa kilo 40.

Fauka ya hayo, ovari zikibaki, joto hubaki. Harufu ile ile itatoka, madume wale wale watamwandama kando ya reli ile ile, na watoto watazidi kungoja upande wa pili wameshika mawe. Kitakachopungua ni vitoto tu. Zaidi ya hapo upo uvimbe wa sehemu za siri ambao mbwa huambukizana kwa kupandana, chembe zenyewe za saratani zikihama kutoka mwili mmoja hadi mwingine, na daktari yeyote anayewatibu mbwa wazururaji wa Afrika Mashariki anaujua kwa wekundu wake na kwa damu inayodondoka. Huponywa kwa sindano za vinkristini, mara moja kwa juma, majuma kadhaa mfululizo. Na mtu anayeishi kwa kibarua cha siku hawezi kuzigharimia. Jike aliyefungwa mirija, au aliyetolewa mji wa mimba peke yake, hupandwa kama zamani, na kila apandwapo yumo katika hatari hiyo.

Wala kazi yenyewe ya kuutoa mji wa mimba na kuzibakiza ovari si nyepesi kama inavyosimuliwa. Lazima daktari aufuate mji huo mpaka kwenye shingo yake, chini kabisa karibu na kibofu, maana kipande kitakachosalia, huku ovari zikiendelea kumwaga homoni, chaweza kujaa usaha. Ni kidonda kirefu zaidi, kikifuatwa na ulinzi wa majuma matatu kila joto, kwa miaka yote ya uhai wa mbwa, kwa kuwa jike asiye na mji wa mimba akipandwa huweza kuumia ndani. Kwa mwenye ua na lango hiyo ni hiari yake, na simlaumu. Kwa Raila, nasema bila kusita, ni anasa isiyo na mahali pa kukaa. Kufunga mirija nako ni hafifu zaidi, kwani humwachia mbwa joto lake, hatari yake ya usaha tumboni na hatari yake ya saratani ya chuchu, vyote, kisha hujisifu kwa kumpunguzia vitoto.

Hatari hiyo ya mji wa mimba kujaa usaha si ya kubuni. Nchini Uswidi, ambako kwa miaka mingi haikuwa desturi kuwahasi majike, kumbukumbu za bima za mbwa zilionyesha kuwa karibu robo yao hupatwa na ugonjwa huo kabla ya kutimiza miaka 10. Huko mbwa ana bima, na ana daktari wa kumpasua usiku huo huo. Huku kwetu jike aliyejaa usaha huacha kula, hunywa maji kupita kiasi, hulala kando ya mtaro, na baada ya siku chache hutupwa jaani, wala hapana anayeandika sababu. Na hapa sina budi kutaja jambo linalonikera: ziko sindano za homoni za kuzuia joto, ambazo hupendwa kwa urahisi wake, nazo ni katika vitu vinavyouchochea ugonjwa huo huo wa usaha. Sindano rahisi leo, mbwa mfu mwaka ujao.

Imebaki njia ya kuzitoa ovari zote mbili na kuuacha mji wa mimba, na hiyo ndiyo ninayoitetea. Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, kiliifanya kuwa njia yake ya kawaida tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na uchunguzi wa huko uliochapishwa mwaka 1997, uliowalinganisha majike wa njia zote mbili miaka mingi baada ya kupasuliwa, haukuona kwamba walioachiwa mji wa mimba waliugua zaidi, wala kwamba walivuja mkojo zaidi. Sababu yake ni wazi kwa kila aliyesoma habari za mwili: mji wa mimba huugua kwa kuchokozwa na homoni za ovari, na ovari zikishaondoka, chombo hicho husinyaa na kutulia. Joto hukoma, madume hawamfuati tena, usaha haupati njia, na ikiwa mbwa amehasiwa akiwa mchanga hatari ya saratani ya chuchu yadhaniwa kupungua nayo, ijapokuwa wataalamu wamekuwa wakibishana juu ya ukubwa wa manufaa hayo. Sharti ni moja, nalo ni zito: zitoke zote mbili, nzima nzima, maana hata kipande kidogo kikisalia tumboni humrudishia mbwa joto, na pamoja na joto, maradhi.

Sitamficha msomaji kwamba wako madaktari wengi, na wa heshima, wanaoshikilia njia ya zamani, na hoja yao kuu ina nguvu: mshipa wa damu ulio hatari kuliko yote katika upasuaji huu ni ule wa ovari, na mshipa huo hufungwa na kukatwa katika njia zote mbili, kwa hiyo anayedhani njia mpya huondoa hatari ya kuvuja damu anajidanganya. Ni kweli. Faida ya kuuacha mji wa mimba iko kwingine: kidonda huwa kifupi, mkono wa daktari haulazimiki kushuka hadi kwenye shingo ya mji wa mimba iliyo jirani na mirija ya mkojo, na kuvutavuta kwa ndani hupungua. Kwa mbwa atakayelala jioni ile kwenye zulia sebuleni, tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mbwa atakayelala kwenye udongo wa Raila, penye maji ya mtaro na inzi, urefu wa kidonda ni suala la kupona au kutopona.

Hata mahali pa kupasulia pana hesabu yake. Madaktari wengi wa Bara Hindi, ambako kanuni za mwaka 2001 ziliagiza mbwa wa mitaani wahasiwe, wachanjwe na kurudishwa walikotolewa, huingia kwa ubavuni, chini ya mbavu za mwisho, badala ya chini ya tumbo. Uzito wa matumbo haulemei mshono wa ubavuni, na mtu aweza kuutazama akiwa amesimama hatua kumi kutoka kwa mbwa, bila kumkamata na kumpindua; tena mbwa wa mitaani aghalabu ananyonyesha au ametoka kunyonyesha juzijuzi, chuchu zimejaa na mishipa ya tumboni imevimba, na kisu cha ubavuni huviepuka vyote hivyo. Kasoro yake ni kwamba ovari ya upande wa pili huwa mbali, na mkono usiozoea hutaabika kuifikia. Na jike akikutwa ana mimba, au mji wa mimba una ugonjwa, hapana budi kuutoa wote, jambo lisilo nadra Raila. Kwa hiyo daktari anayefaa hapa ni yule aliyezijua njia zote, akachagua baada ya kumwona mnyama mwenyewe.

Ama upasuaji wa kamera, ni mzuri, na laiti ungekuwa wa kila mtu. Lakini mashine yake ni ghali, hutaka umeme usiokatika, gesi ya kulijaza tumbo na mafunzo marefu, na fedha za mashine moja zingeweza kununua nyuzi, dawa za usingizi na za maumivu kwa mbwa wengi sana. Ufundishwe katika kitivo cha utabibu wa wanyama kilichoko Kabete, utumiwe na wenye uwezo, nasi tuendelee.

Jambo ambalo majarida hayalizungumzii vya kutosha ni siku kumi za baada ya kisu. Mbwa hulamba kidonda, na ile kola ya plastiki ya shingoni haidumu katika kichochoro cha upana wa mabega mawili. Nilimwona mama mmoja aliyekata fulana kuukuu ya mwanawe, akatoboa mahali pa miguu minne, akamvika mbwa na kuifunga fundo juu ya mgongo, kisha akamfunga kwa kamba ya katani kwenye nguzo ya mlango, na kila jioni aliifungua akautazama mshono kwa tochi ya simu. Mshono wenyewe ulikuwa wa nyuzi zinazoyeyuka, zilizofichwa chini ya ngozi, zisizohitaji kurudi kliniki kutolewa; na hilo nalo ni katika maamuzi ya daktari yanayopasa kufanywa kwa kuzingatia nauli ya matatu na siku ya kibarua itakayopotea. Kidonda kilikauka vizuri.

Lipo pia swali la dini. Kibera ni mtaa ulioanzishwa na Wanubi, askari Waislamu waliopewa makao hapa na serikali ya kikoloni, na mpaka leo adhana husikika kutoka Makina. Wako majirani wetu wasiomgusa mbwa kwa sababu ya najisi yake, na wako wanaouliza kama ni halali kukata uzazi wa kiumbe. Wanavyuoni wamehitilafiana katika kuhasi wanyama, wengine wakikataza na wengine wakiruhusu penye maslahi ya dhahiri, nami si mufti. Lakini ninajua kwamba dini iliyomtaja mbwa wa watu wa pangoni, na iliyosimulia kusamehewa kwa aliyemnywesha mbwa mwenye kiu, haikumwacha mnyama huyu nje ya rehema, na kwamba kumtilia sumu afe akigaragara mbele ya watoto hakuna mwanachuoni anayekupendelea.

Njia za kuyatenda haya ziko karibu kuliko tunavyodhani. Kitivo cha utabibu wa wanyama cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Kabete, si mbali na Kawangware, na wanafunzi wake wanahitaji mbwa wa kujifunzia chini ya macho ya walimu wao. Chama cha kuwalinda na kuwatunza wanyama, kilichoasisiwa mwaka 1910, kiko Karen na huhasi mbwa. Na sheria ya madaktari wa mifugo ya mwaka 2011 imekwisha kuweka bayana ni nani anayeruhusiwa kushika kisu. Kinachokosekana ni fedha na mpango wa kaunti. Gharama ya kumhasi jike mmoja kwa daktari wa binafsi ni maelfu ya shilingi, na kumwambia mtu wa Raila alipe kiasi hicho kwa ajili ya mbwa wakati karo ya mtoto haijalipwa ni kumfanyia mzaha.

Kwa hiyo naiomba Kaunti ya Nairobi, pamoja na Idara ya Huduma za Mifugo, kwamba kila tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, wanapokuja na sindano za chanjo, waje pia na hema la upasuaji, likae Kibera na Kawangware juma zima, lenye madaktari waliozoea kuzitoa ovari kwa kidonda kifupi, na mbwa atoke na alama sikioni ili asipasuliwe mara ya pili. Na mwenye jike mchanga ambaye hajaingia joto, nampa maswali matatu ya kumwuliza daktari kabla hajalipa: je, utazitoa ovari zote mbili, nyuzi zako zitayeyuka zenyewe, na umemchanja leo au bado?